NAMNA GANI WANAPIGA FILAMU YA YALE PILOTI ANAYOONA?



Juma moja mbele ya mitihani kulikuwa mabishano makubwa katika internati. Mmoja wetu alikuwa na filamu fupi ndani ya telefone yake, aliipata mjini kwa kaka yake. Ndani ya ile filamu tunaona mbele ya ndege ya vita: mawingu, milima, na juu ya mawingu yale kuna namba na mistari ya rangi ya majani inayotembea. Ndege ikigeuka, mistari nayo inageuka. Ndege ikishuka, namba zinapunguka. Wa kwanza alisema: "Zile namba ziko kweli mbele ya macho ya piloti, ndani ya kioo." Wa pili akajibu: "Ndugu yangu, hapana. Ile ni maandiko tu, waliyatia nyuma, sawa vile wanatia maneno chini ya filamu." Wakabishana mpaka taa ikazimwa, na mwangalizi akatugombeza sisi wote, hata wale waliokuwa wamenyamaza.

Kesho yake tulipeleka neno hilo kwa mwalimu wetu wa fizike. Hakutupa jibu. Alituuliza swali ingine: "Vipimo vya ndege viko pale chini mbele ya magoti ya piloti. Juu ya nini basi anahitaji namba mbele ya macho?" Tukaanza kutafuta. Haya ndiyo tuliyopata.

1. MATATA YA KUANGALIA CHINI

Wengi wetu tumekwisha kuona ndege ndogo inayoshuka juu ya kiwanja cha majani. Mbele ya piloti kuna vipimo vingi vya duara: kimoja cha mwendo, kimoja cha urefu kutoka chini, kingine cha njia. Piloti anaangalia nje, kisha anaangalia vipimo, kisha anaangalia nje tena. Kwa ndege inayoenda polepole kazi hiyo inawezekana vizuri.

Lakini ndege ya vita ikienda kilometa 900 kwa saa, inapita metre 250 kwa kila sekunde. Piloti akiinamisha kichwa sekunde mbili tu, ndege imekwisha kupita nusu ya kilometa, na yeye hakuona kitu cha nje. Tena kuna tabu ya macho yenyewe. Kipimo kiko karibu, kama mkono unapofika, na mlima uko mbali. Jicho linapaswa kujipanga upya kila mara. Jaribu wewe mwenyewe: shika kitabu karibu na uso, kisha angalia ghafula mti ulio mbali. Utasikia macho yanafanya kazi.

Kwa hiyo watu wa ufundi walitafuta njia ya kuleta namba juu, mbele ya macho, kusudi piloti asiinamishe kichwa. Waingereza na Waamerika wanaita mtambo huo kwa herufi tatu, HUD. Wafaransa wanasema "kichwa juu". Sisi katika habari hii tutasema "kioo cha alama".

2. KIOO CHA ALAMA KINAFANYA KAZI NAMNA GANI

Chini ya kioo kuna bomba dogo la televisheni ya zamani, lenye kuchora alama kwa mwangaza wa rangi ya majani. Ndege mpya zina ekrani za namna ingine, lakini kazi ni ileile. Juu ya bomba kuna lensi. Juu ya lensi kuna kioo safi kilichoinama. Mwangaza wa alama unapanda, unapita katika lensi, unapiga kioo na kurudi kwa macho ya piloti. Mwangaza wa nje nao unapita katika kioo kilekile. Hivyo piloti anaona vitu viwili pamoja: dunia na alama.

Kwa mkono wa kushoto mara nyingi kuna namba za mwendo, na kwa mkono wa kuume namba za urefu. Katikati kuna mistari kama ngazi, inayoonyesha kama pua ya ndege iko juu ao chini. Kuna tena duara ndogo yenye mabawa mafupi. Hiyo ni alama ya maana sana, kwa sababu inaonyesha mahali ndege inapoenda kweli, si mahali pua inapoangalia. Duara ikiwa juu ya mlima, maana yake: ukiendelea vile, utapiga mlima.

Sasa, kazi ya ile lensi ni nini? Hapa njo tulipofanya majaribio yetu.

3. MAJARIBIO YETU KATIKA KALASI

Unaweza kuyafanya hata wewe. Tulichukua kipande cha kioo cha dirisha, torshi, kipande cha kartoni na lupu, ile ya kukuza maandiko. Tulikata msalaba mdogo katika kartoni na kuweka torshi nyuma yake.

Mara ya kwanza hatukutumia lupu. Tuliinamisha kioo mbele ya uso, tukaweka kartoni chini yake, na kuangalia mti wa embe ulio mbali katika uwanja. Msalaba ulionekana, lakini kila tuliposogeza kichwa kidogo, msalaba ulihama: mara juu ya shina, mara juu ya tawi, mara nje ya mti kabisa. Tena tukiangalia mti vizuri, msalaba ulikuwa kama umefunikwa na ukungu. Namba za namna ile zingemdanganya piloti.

Mara ya pili tulitia lupu kati ya kartoni na kioo. Lakini kwanza tulitafuta kipimo chake: tulisimama ndani ya kalasi tukapokea picha ya dirisha la mbali juu ya karatasi, na pale picha ilipokuwa safi tukapima toka lupu mpaka karatasi. Kisha tukaweka kartoni kwa kipimo kilekile. Kumbe! Msalaba ulikaa juu ya mti sawasawa, hata tuliposogeza kichwa. Na tulipoangalia mti, msalaba ulikuwa safi nao. Mwalimu alieleza: lensi imefanya mishale yote ya mwangaza itembee sambamba, kama vile imetoka mbali sana. Kwa hiyo jicho linafikiri msalaba uko kule mbali pamoja na mti.

Lakini tuliona jambo la tatu, ambalo hatukulingojea. Tukisogeza kichwa zaidi, msalaba unapotea kabisa. Mwangaza unatoka kwa lensi kama maji katika bomba: ukiwa ndani ya njia yake unaona, ukiwa nje huoni kitu. Mmoja wetu aliweka telefone yake mahali pa jicho, na alipata foto nzuri ya mti na msalaba. Mwingine akajaribu kupiga foto pembeni yake kwa saa ileile, naye hakupata msalaba. Vichwa vyao vikagongana.

Ule mgongano wa vichwa ndiyo matata yote ya kazi hii. Mahali pazuri pa kuweka kamera ni pale penye kichwa cha piloti, na kichwa cha piloti hakiwezi kuondoka.

4. KAMERA ZILIANZA ZAMANI

Mawazo ya kamera katika ndege ya vita hayakuanza jana. Mwaka 1900 Howard Grubb, mtengenezaji wa mitambo ya kuangalia nyota katika mji wa Dublin, alibuni kioo cha kulengea bunduki ambacho alama yake inaonekana kuwa mbali, sawa vile tulivyofanya kwa lupu. Katika vita ya kwanza ya dunia (1914–1918) Waingereza walifundisha askari wa ndege kwa kamera yenye umbo la bunduki. Mwanafunzi akivuta, hakuna risasi inayotoka, inapigwa foto. Nyuma mwalimu anaangalia foto na kumwambia: "Ulilenga mbele sana," ao "Ulilenga vizuri."

Katika vita ya pili (1939–1945) ndege nyingi zilikuwa na kamera ndogo ya filamu iliyotembea wakati piloti alipopiga bunduki. Kazi yake ilikuwa kuondoa mabishano. Piloti akirudi na kusema ameangusha ndege ya adui, wakubwa waliangalia filamu. Hatusemi kwamba mapiloti walikuwa waongo. Lakini mtu katika hofu na mbio anaona vitu vibaya, na watu wawili wanaweza kuhesabu ndege moja mara mbili.

Kioo cha alama chenye namba na mistari kilikuja nyuma. Ndege ya Waingereza yenye jina Buccaneer, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958, inahesabiwa kati ya zile za kwanza zilizokipata. Waamerika walikitia katika ndege yao A-7, na tangu hapo ndege za vita karibu zote zimekuwa nacho. Kamera nayo ilibadilika: filamu, kisha kaseti za video, na siku hizi kumbukumbu ya namba kama ile ya telefone.

5. NJIA MBILI ZA KUPIGA

Njia ya kwanza ni kufunga kamera ndogo sana karibu na kioo chenyewe, ndani ya njia ya mwangaza, lakini chini ao pembeni ya macho ya piloti. Pengine wanatia kioo kingine kidogo cha kugeuza mwangaza mpaka kwa kamera. Uzuri wake ni kwamba kamera inapata alama zilezile zilizokuwa katika kioo. Kioo kikizimika, filamu itaonyesha kimezimika.

Lakini njia hii iko na matata yake. Mbingu inawaka sana, na bonde liko na giza. Kamera ikijipanga kwa mbingu, bonde linakuwa jeusi. Ikijipanga kwa bonde, mbingu inakuwa nyeupe na alama zinamezwa. Tena kuna neno la wakati. Bomba linachora alama mstari kwa mstari, labda mara 50 ao 60 kwa sekunde moja. Jicho letu ni polepole, linaona alama nzima. Kamera ya video inapiga picha 25 ao 30 kwa sekunde. Kama vitu hivi viwili havikupatana, kamera inashika alama ambayo haijakwisha kuchorwa, na katika filamu namba zinakatika na kupepesa. Wenye ufundi wanapaswa kufunga saa ya kamera pamoja na saa ya bomba.

Njia ya pili ni kuacha kioo kabisa. Wanaweka kamera inayoangalia mbele, na ordinateri ya ndege, ileile inayotuma alama kwa kioo, inazituma tena kwa mtambo wa kuchanganya picha. Alama zinawekwa juu ya filamu. Zinatoka safi sana, hata jua likiwa kali.

Njia hii nayo haikosi tabu. Kamera na kioo havikai mahali pamoja, kwa hiyo lazima vipangwe sawasawa, kama si vile duara itakaa pembeni ya mlima wakati piloti aliiona juu ya mlima. Na kama alama zinachelewa hata kidogo, hazifuati dunia. Tulifanya hesabu: ndege inayojigeuza degre 180 kwa sekunde, alama zikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mistari itakuwa mbali na dunia kwa degre 18. Anayeangalia filamu atafikiri vipimo vya ndege vimeharibika, kumbe ni filamu yenyewe iliyochelewa.

Basi wale wawili wa internati, nani alishinda? Wote wawili! Kuna filamu ambazo alama zake zilikuwa katika kioo, na kuna zile ambazo alama zilitiwa na mtambo. Lakini hata hizi za pili hazikutiwa nyuma mezani. Zilitiwa kulekule hewani, kwa saa ileile. Ukitaka kutambua, angalia pembeni: ukiona mzingo wa kioo, na alama zinafifia mbele ya wingu jeupe, labda ni njia ya kwanza. Alama zikibaki na nguvu ileile mbele ya kila kitu, labda ni ya pili.

6. INASAIDIA NINI?

Kwanza, inafundisha. Piloti akirudi anakaa na mwalimu wake, wanaangalia filamu pamoja, wanaisimamisha pale penye kosa. Hakuna kusema, "Nilikuwa na urefu wa kutosha." Namba iko pale, na mlima uko pale, katika picha moja.

Pili, inaonyesha mambo ambayo piloti mwenyewe hawezi kuyaeleza. Mwezi wa tano mwaka 2016, katika jimbo la Arizona kule Marekani, mwanafunzi mmoja alikuwa akijifunza katika ndege F-16. Aligeuza ndege kwa nguvu sana, mpaka uzito wa mwili wake ukazidishwa zaidi ya mara 8. Mtu wa kilo 60 anakuwa kama kilo 480. Damu ikaondoka kichwani, akapoteza fahamu. Ndege ilikuwa karibu futi 17,000, ikaanguka na pua chini. Mwalimu, katika ndege ingine, alimpigia kelele kwa redio, na hakujibiwa. Katika filamu tunaona udongo unageuka na kukaribia, namba za urefu zinakimbia, kisha mishale miwili inatokea katika alama na kukaribiana. Hiyo ni dalili ya mtambo uliotiwa katika ndege hizo tangu mwaka 2014. Mishale inakutana, na ndege yenyewe inajinyosha na kupanda. Mwanafunzi akaamka akiwa mzima.

Kama filamu ingekuwa ya nje tu, tungeona ndege imeanguka na imepanda, bila kujua nani aliyeipandisha. Kama kungekuwa alama tu, tusingeona udongo. Picha mbili pamoja zilitoa ushuhuda.

7. FILAMU ILIYONGOJEWA MIAKA MINNE

Tatu, inasaidia kuhukumu. Hapa tunaomba msome polepole.

Tarehe 28 mwezi wa tatu 2003, katika vita ya Irak, ndege mbili za Marekani za aina A-10 zilipiga magari ya askari wa Uingereza karibu na Basra. Hao walikuwa rafiki, si adui. Magari yalikuwa na vitambaa vya rangi ya chungwa kusudi ndege za rafiki ziwatambue. Mapiloti waliona ile rangi na kufikiri ni silaha za adui. Askari mmoja, Matty Hull, wa miaka 25, alikufa, na wenzake walijeruhiwa.

Ndani ya ndege kulikuwa na kaseti, yenye picha na maneno ya mapiloti. Wakubwa wa Marekani hawakukubali ionyeshwe mbele ya watu wote. Mjane na jamaa walingoja. Mwezi wa pili 2007 gazeti moja la Uingereza, The Sun, liliipata na kuitangaza. Mwezi uliofuata, katika mji wa Oxford, mwenye kuchunguza kifo hicho alikata neno kwamba askari yule aliuawa kinyume cha sheria. Ilikuwa karibu miaka minne tangu siku ya kifo.

Kaseti ile haikumrudisha mtu. Lakini iliwaambia wenye kilio maneno gani yalisemwa, kwa saa gani, na mashaka yalikuwa wapi. Tena iliwasikilizisha watu kwamba mapiloti wenyewe, walipojulishwa kosa lao, waliingia katika uchungu mkubwa. Bila kaseti, kungebaki maneno ya huyu na maneno ya yule.

8. KAMERA SI JICHO

Hata hivyo, mwalimu wetu alitukataza kufunga habari hii kwa kusema "filamu haisemi uongo". Alituuliza: "Filamu inaonyesha kile piloti alichoona, ao kile kilichokuwa mbele ya kamera?" Tulifikiri sana, na tuliona haya:

– Kamera inaangalia mbele tu. Piloti anageuza kichwa. Yaliyokuwa pembeni hayamo katika filamu.
– Kamera nyingi za zamani zilipiga nyeusi na nyeupe. Kwa kamera ya namna hiyo, kitambaa cha rangi ya chungwa ni kijivu tu.
– Jicho zima linaona vitu vidogo kuliko kamera nyingi za video. Na kinyume chake, sisi tunaweza kusimamisha filamu na kuangalia mara kumi. Piloti aliona mara moja, kwa sekunde moja.
– Namba inaweza kuwa katika kioo, na piloti asiisome. Filamu inaonyesha kilichowekwa mbele yake, haionyeshi kilichoingia katika akili yake.

Kwa sababu hii kuna mabishano hata katika ndege za abiria. Vioo vya alama vimeingia humo pia. Ndege ya Boeing 787, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2009, inavyo viwili, kimoja kwa kila piloti. Masanduku ya ndege yanalinda vipimo na sauti. Kuhusu picha, wachunguzi wa ajali wa Marekani waliomba tangu mwaka 2000 kwamba kamera zitiwe katika chumba cha mapiloti. Vyama vya mapiloti vilikataa: waliogopa kwamba saa za mwisho za mtu zitaonyeshwa kwa watu wasio na kazi nazo. Pande zote mbili ziko na neno. Anayetafuta sababu ya ajali anataka kuona. Mjane naye pengine hataki dunia yote imwone mume wake akifa.

Basi, wapenzi wasomaji, mabishano yaliyoanza kwa namba za rangi ya majani yametupeleka mbali. Tumejifunza kwamba kuweka dunia na vipimo katika picha moja ni kazi ngumu ya lensi na ya saa. Tumejifunza tena kwamba mbele ya kuamini filamu, lazima kuuliza: kamera ilikaa wapi? Alama zilitoka wapi? Na nani aliyeishika kaseti mpaka leo?

Kioo, lupu na ile kartoni viko katika kabati ya fizike. Anayetaka kujaribu aombe ruhusa kwa Bwana Mwalimu, na asisahau kurudisha torshi.

Sisi, wanafunzi wa darasa la tano la sayansi